Boma la Zege: Nani Alijenga, Nani Avunje?

Katika muda wa karne moja na ushee, mtu wa Kileo amebadilishiwa boma mara mbili bila yeye mwenyewe kuhama. Kata hii iko tambarare, kando ya barabara kuu ya Moshi kwenda Same, na milima ya Ugweno imeinuka upande wake wa mashariki. Wakati wa Wajerumani, shauri la mtu wa Upare Kaskazini lilipelekwa Moshi. Mwaka 1928 Waingereza waliunda Wilaya ya Pare wakaweka makao yake Same, na mtu yuleyule akageuza safari akaelekea kusini. Mwaka 1979 wilaya ikagawanywa, Mwanga ikasimama peke yake, safari ikafupika. Shamba ni lilelile na njia ni ileile ya kushika gari barabarani. Kilichohama ni ofisi.

Kila ilipohama, majengo mapya yaliinuliwa na ya zamani yakaachwa yatumike kwa kazi nyingine. Leo katika makao makuu ya wilaya nyingi za Tanzania linaulizwa swali ambalo wazee wetu hawakuulizwa: jengo la zege la halmashauri, lililojengwa miaka michache baada ya uhuru, livunjwe au likarabatiwe? Kwa kawaida jibu hutolewa na watu wachache ndani ya chumba kimoja. Naandika kwa sababu nasadiki kwamba jibu hilo si lao peke yao, na kwamba historia ya Upare inaonyesha kwa nini.

Kabla ya boma lolote, Wapare walikuwa na utawala usiohitaji ukuta. Masimulizi ya wazee, aliyoyakusanya Isaria Kimambo na kuyachapisha mwaka 1969 katika kitabu chake cha historia ya siasa ya Wapare, yanaeleza dola ya Ugweno iliyosimama karne kadhaa kabla ya ukoloni. Kwanza nguvu ilikuwa mikononi mwa Washana, ukoo wa wafua chuma, kisha ikachukuliwa na Wasuya. Jina la Mranga linakumbukwa kwa kuisuka upya dola hiyo. Mtawala alikuwa na wanjama wa kushauriana nao, vijana waliingizwa utu uzima msituni, na maji ya mifereji yaligawanywa kwa zamu kutoka kwenye ndiva, yale mabwawa madogo yanayojazwa usiku ili yafunguliwe asubuhi. Mambo makubwa yaliamuliwa mahali panapojulikana na kila mtu, chini ya mti au ukingoni mwa mfereji, na aliyekuwapo alisikia kwa masikio yake.

Wajerumani walileta ukuta. Kodi ya kibanda ilianza kutozwa mwaka 1898, na kodi inataka daftari, daftari linataka karani, karani anataka meza na mlango wenye kufuli. Ndivyo boma lilivyozaliwa katika bara letu: sanduku la fedha, chumba cha silaha, mahabusu na veranda ya kungojea. Reli kutoka Tanga ilisogea taratibu chini ya milima, ikafika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911, na stesheni za Hedaru, Makanya, Same na Lembeni zikageuka vituo vya biashara. Same haikuwa na maji mengi wala ardhi yenye rutuba kama ya milimani. Ilikuwa na reli. Waingereza walipotafuta mahali pa kuweka makao ya wilaya itakayounganisha Pare ya Kaskazini, iliyokuwa ikitawaliwa kutoka Moshi, na Pare ya Kusini, iliyokuwa ikielekea Usambara, walichagua mahali ambapo ofisa angeweza kushuka kwenye behewa na kuingia ofisini. Mwananchi wa milimani akaambiwa ateremke.

Aliteremka kweli, na safari moja ya kuteremka ndiyo iliyoipa ofisi ya Same nafasi yake katika historia ya taifa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1940 wafumwa, yaani machifu wa Upare, kwa baraka za serikali, walianzisha kodi ya madaraja iliyoitwa mbiru. Badala ya kila mtu kulipa kiasi kimoja, mali ya kila kaya ingekadiriwa na kodi ikapangwa kwa makadirio hayo. Kwenye karatasi ilionekana ya haki: mwenye ng'ombe wengi alipe zaidi ya asiye na kitu. Ila watu hawakuelezwa makadirio yanafanywaje, wala hawakuona ni nani aliyempima mpimaji. Jirani alikadiriwa juu kuliko jirani mwenye mali sawa na yake, na alipouliza hakupata jibu. Januari 1945 watu wa milimani walishuka kwa maelfu wakaenda Same. Walikusanyika kwenye makao ya wilaya wakakaa. Siku zilipita, wiki zikapita, miezi ikapita. Waliochoka walirudi nyumbani kulima na wengine wakaja kushika nafasi zao. Hawakukataa kulipa kodi. Walikuwa tayari kulipa hata zaidi, mradi kiwe kiwango kimoja kinachojulikana kwa wote. Walichokataa ni kukadiriwa gizani.

Mwaka uliofuata wanawake wa Usangi wakaingia. Waume walikuwa hawakai nyumbani, kazi zote za shamba zilikuwa zimewaangukia wao, na viongozi wa serikali walipofika Usangi walizingirwa na mamia ya akina mama waliotaka jambo limalizwe. Kwa utawala uliozoea kuzungumza na wanaume peke yao, lilikuwa tukio lisilo na mfano. Kufikia mwaka 1947 mbiru ilikuwa imefutwa na kiwango kimoja kimerudi. Kimambo aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili, kilichotoka mwaka 1971, na tangu hapo mgomo wa Wapare unatajwa kila inapoelezwa safari ya Tanganyika kuelekea uhuru.

Nalikawilia tukio hili kwa sababu linasema jambo juu ya majengo ambalo wahandisi hawalipimi. Kiini cha ofisi ya Same mwaka 1945 kilikuwa uwanja wake. Uwanja ule ulibeba maelfu ya watu kwa miezi, mbele ya mlango wa mkuu wa wilaya aliyelazimika kuwapita kila asubuhi akienda kazini. Ukiniuliza kitu gani kilindwe pale ofisi ya zamani inapovunjwa, nitaanza na nafasi hiyo ya wazi iliyo mbele yake, na haki ya mwananchi kusimama hapo bila kuulizwa na mlinzi amefuata nini.

Baada ya uhuru mambo yalikwenda kasi. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa nchi nzima, na halmashauri za wilaya zenye madiwani wa kuchaguliwa zikarithi shule za msingi, zahanati, masoko, barabara za vijijini na kodi. Kazi zilikuwa nyingi na vyumba vya mkoloni vilikuwa vichache. Ndipo zege lilipoingia kwa nguvu. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, nje ya Dar es Salaam, kilianza uzalishaji mwaka 1966. Kabla yake saruji nyingi iliagizwa kutoka nje, ikiwamo ya viwanda vya Kenya. Kile cha Tanga kilifuata mwaka 1980, na mifuko yake ikapanda kuja Upare kwa reli na barabara ileile iliyokuwa ikiteremsha mkonge.

Anayetembelea wilaya za Tanzania anayajua majengo ya kizazi hicho hata kabla hajasoma kibao. Nguzo za mraba zimebeba varanda ndefu inayopita mbele ya milango yote. Matofali yenye matundu yamepangwa kwenye kuta za ngazi ili upepo upite. Madirisha ni ya vioo vya kulaza, viwili vitatu vimekosekana na nafasi yake imezibwa kwa ubao wa plaiwudi. Paa ni bapa, au ni la mabati ya asbesto yenye mawimbi mapana. Ndani kuna kidirisha cha keshia kilichochakaa ukingoni palipowekwa viwiko vya watu, na nje kuna ubao wa matangazo wenye tabaka za karatasi zilizobandikwa juu ya nyingine. Si majengo ya fahari. Yalijengwa na nchi maskini iliyokuwa na haraka ya kutumikia watu wake, na sehemu kubwa ya fedha zake ilitoka kwenye kodi na ushuru wa wakulima wa kahawa, mkonge, pamba na mahindi.

Wenye vipaji walilipa zege heshima kubwa zaidi. Beda Amuli, aliyesomea usanifu majengo Haifa nchini Israeli na kuwa miongoni mwa wasanifu wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki, alichora Soko la Kariakoo la Dar es Salaam lenye miavuli ya zege inayobeba paa na kukinga maji ya mvua. Rais Nyerere alilifungua mwaka 1975. Karibu zaidi na Kileo, mjini Moshi, limesimama jengo la chama kikuu cha ushirika cha KNCU, kilichoanzishwa na wakulima wa kahawa mwaka 1933. Jengo hilo la miaka ya mwanzo ya 1950 ni kazi ya Ernst May, Mjerumani aliyejulikana duniani kwa mitaa ya makazi aliyoipanga Frankfurt, aliyefika Tanganyika mwaka 1934 akalima kahawa karibu na Arusha kabla ya kurudi kwenye usanifu akiwa Nairobi. Wakulima wa Kilimanjaro walikuwa na jengo la kisasa la ghorofa, lililolipwa kwa kahawa yao, miaka kumi kabla ya nchi kuwa huru.

Halmashauri zenyewe hazikukaa sana katika ofisi zao mpya. Mwaka 1972, kwa mpango ulioitwa Madaraka Mikoani na uliobuniwa kwa ushauri wa kampuni ya McKinsey ya Marekani, zilivunjwa. Madaraka yalipelekwa kwa wakuu wa mikoa na wilaya na wataalamu wao, na diwani aliyechaguliwa akabaki hana baraza. Kilichovunjwa safari hiyo kilikuwa chombo, kuta zikabaki. Nyumba zilikuwapo, makarani walikuwapo, viti vya madiwani vilikuwapo, lakini mwananchi hakuwa na mtu wake mle ndani. Katika kipindi hicho vijiji vilipangwa upya, barabara za vijijini zikadorora, zahanati zikakosa dawa, na Wilaya ya Pare ikagawanywa. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 ilirudisha halmashauri, nazo zikaanza kazi tena mwaka 1984. Miaka kumi na miwili bila baraza inatosha kuua mazoea ya watu kudai, na nadhani ukimya wa wananchi wengi jengo la umma linapouzwa au kuvunjwa leo una mizizi katika miaka hiyo.

Sasa tulitazame zege lenyewe, kwa maana wanaotaka kuvunja wana hoja na hoja yao haina budi kupimwa kwa haki.

Zege halifi kwa uzee peke yake. Likiwa jipya lina ukali wa chokaa unaoizuia nondo isishike kutu. Mwaka baada ya mwaka hewa ya ukaa inapenya na kuupunguza ukali huo, kuanzia juu kuingia ndani. Siku inapoifikia nondo, kinga imekwisha. Kutu inaanza, na kutu hujaza nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilichokula, kwa hiyo inalisukuma zege kutoka ndani mpaka linapasuka na kubanduka vipande. Kasi ya jambo hili inategemea mambo yaliyofanyika siku ya kumwaga zege. Kava ya sentimita mbili na nusu juu ya nondo inaweza kuishi miaka mingi sana; kava ya nusu sentimita, kwa sababu fundi hakuweka vitofali vya kuinua nondo, inakwisha mapema. Mchanga wenye udongo, kokoto chafu na maji yenye chumvi huharakisha maangamizi. Mtu wa tambarare za Mwanga na Same hahitaji kuelezwa habari ya maji yenye chumvi. Ndiyo maana mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, unaochota kutoka Bwawa la Nyumba ya Mungu, ulingojewa kwa hamu tangu ujenzi wake uanze mwaka 2014 hadi ulipozinduliwa Machi 2025.

Kupima si kazi ya kutisha. Mhandisi anapita na nyundo ndogo akigonga nguzo na mihimili. Palipo pazima pana mlio mkavu, palipobanduka ndani pana mlio wa kitu chenye uwazi. Kisha anatoboa au kumega kipande kidogo na kunyunyizia dawa ya fenoftalini. Pale ambapo zege bado lina ukali wake, rangi inageuka kuwa waridi iliyokolea papo hapo. Pale palipokufa hapageuki, panabaki na kijivu chake. Akiweka rula anaona kwa milimita ni kiasi gani cha kinga kimebaki kabla ya kufika kwenye nondo. Kipimo hiki ni cha bei ndogo kikilinganishwa na gharama ya jengo, na kinafanyika mbele ya macho ya watu. Diwani wa kata yoyote anaweza kusimama hapo akaona mwenyewe. Jengo ambalo nguzo zake zote zimebaki kijivu hadi kwenye nondo, na ghorofani juu yake kuna watu, linastahili kuvunjwa na yeyote anayechelewesha anacheza na roho za watu. Jengo lenye waridi nguzo hadi nguzo linahitaji paa jipya, nyaya mpya, vyoo na njia ya kiti cha magurudumu, na ni uchoyo kwa vizazi vijavyo kulipiga tingatinga kwa sababu tu limekuwa la kizamani machoni.

Tena saruji ina gharama isiyoonekana kwenye zabuni. Utengenezaji wake duniani unatoa karibu asilimia 8 ya hewa ukaa yote inayotokana na binadamu. Zege lililokwisha kumwagwa limekwisha kulipa gharama hiyo. Tukilisaga na kumwaga jingine mahali palepale, tunailipa mara ya pili, na watakaoiona mvua ikikosekana ni wakulima wa mahindi wa Kileo na wenzao.

Tanzania ya karibuni ina mifano ya kuvunja, na kila mmoja una la kutufundisha. Unaokumbukwa zaidi ni wa Ubungo, Dar es Salaam. Novemba 2017 Rais John Magufuli aliagiza sehemu ya makao makuu ya shirika la umeme, TANESCO, na jengo la Wizara ya Maji yapigwe alama ya X ya kubomolewa kwa kuwa yalikuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Nyumba nyingi za watu binafsi kando ya barabara ya Morogoro, kutoka Kimara hadi Kibaha, zilikuwa zimepigwa X hiyohiyo na kubomolewa, na kulikuwa na haki fulani katika kuona serikali nayo inajivunjia. Ile barabara ilipanuliwa, na makutano ya Ubungo yakapata madaraja ya juu yaliyofunguliwa Februari 2021 na kupewa jina la marehemu Balozi John Kijazi. Kulikuwa na sababu iliyotamkwa hadharani, na kilichokusudiwa kilijengwa. Hata aliyeumia alijua ameumizwa kwa ajili ya nini.

Magomeni Kota ni habari nyingine. Zilikuwa nyumba za enzi za ukoloni, mali ya Manispaa ya Kinondoni. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 kaya 644 zilitakiwa kuhama ili eneo liendelezwe upya na mwekezaji. Nyumba zikavunjwa. Kisha hapakujengwa kitu. Miaka ilipita eneo likiwa uwanda wa vifusi na majani katikati ya jiji, na wazee waliozaliwa mle wakaishi kwa kupanga huku na kule, wengine wakafa kabla ya kurudi. Oktoba 2016 Rais Magufuli alifika, akaagiza serikali ijenge yenyewe kupitia Wakala wa Majengo, na akaahidi kwamba wakazi wale wangerudi na kukaa miaka mitano bila kodi ya pango. Maghorofa mapya yalizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Machi 2022. Walirudi, na furaha yao ilikuwa ya haki. Ila kati ya nyundo ya kwanza na ufunguo wa kwanza palipita takriban miaka kumi, na miaka hiyo haikulipwa na mtu. Kosa lilikuwa moja, la wazi kabisa: jengo lilivunjwa kabla fedha ya kujenga haijawekwa mezani.

Soko la Kariakoo liliungua usiku wa Julai 10, 2021. Ilikuwa rahisi kusema sasa tusafishe, tuinue ghorofa refu kwenye kiwanja cha bei mbaya. Badala yake soko la Amuli lilikarabatiwa na jengo jipya likajengwa pembeni, na miavuli ya zege bado imesimama. Uamuzi huo haukusifiwa vya kutosha.

Majirani zetu nao wamepita humo. Kampala, jengo la Makumbusho ya Uganda, ambalo pia ni kazi ya Ernst May na lilikamilika mwaka 1954, lilitajwa mwaka 2011 kuwa lingevunjwa kupisha kituo cha biashara cha ghorofa 60. Wapenzi wa urithi wa taifa walikwenda mahakamani na kupiga kelele magazetini. Makumbusho yapo hadi leo. Ghorofa 60 hazikuonekana. Ulaya na Marekani wanagombana juu ya jambo hilohilo. Aberdeen, Uskochi, ofisi kuu ya halmashauri ya jiji, mnara wa zege wa miaka ya 1960 ulioitwa St Nicholas House, ulivunjwa kati ya 2013 na 2014 na mahali pake pakajengwa ofisi za kupangisha, hoteli na migahawa. Wakazi wengi walikuwa wameomba paachwe uwanja wa wazi. Boston walilichukia jumba lao la jiji kwa miaka, wakapendekeza zaidi ya mara moja livunjwe, na mwanzoni mwa 2025 wakalitangaza kuwa alama rasmi ya urithi wa jiji.

Kwetu sheria haisaidii sana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaweka mpaka kwenye mwaka 1863: jengo la kabla ya hapo lina ulinzi, la baada ya hapo linangoja waziri alitangaze. Kwa mpaka huo majengo yote ya uhuru wetu, pamoja na ofisi ambamo taifa lilijifunza kujitawala, yako nje ya uzio. Kituo cha Urithi wa Usanifu Majengo cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa katika Boma la Kale, kimefanya kazi nzuri ya kuwaonyesha watu thamani ya majengo ya jiji. Wilaya za bara hazina mwenzake. Same haina, Mwanga haina.

Lipo jambo ninaloliogopa kuliko kupotea kwa nguzo na varanda, nalo ni karatasi. Ofisi ya zamani ina chumba cha masijala, mara nyingi cha mwisho kwenye varanda, chenye mafaili yaliyofungwa kwa kamba na vumbi limekaa juu. Humo kuna mihtasari ya vikao, madai ya fidia, michoro ya mifereji, orodha za walipa kodi, barua za wazazi wakiomba shule, migogoro ya mipaka ya mashamba iliyoamuliwa na mashahidi ambao wote wamekufa. Kimambo asingeweza kuandika habari za mbiru kwa simulizi peke yake. Aliziweka simulizi za wazee kando ya mafaili ya wilaya, akazisoma pamoja. Tuna Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002, na tuna Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Lakini siku ya kuhama kazi hupewa vibarua na pikapu, na pikapu ikijaa viti na kompyuta, mafaili ndiyo hubaki kuchomwa moto nyuma ya jengo. Faili la mpaka wa shamba likiungua, mjane wa Kileo anayedaiwa ekari mbili na shemeji yake hana tena pa kwenda kutazama. Hasara hiyo haimo kwenye bajeti ya mradi wowote.

Kwa hiyo mbele ya baraza lolote la madiwani, liwe la Mwanga, la Same au la wilaya nyingine, ningetaka mambo yafuate mpango huu. Kipimo cha mhandisi kisomwe kikaoni kwa sauti na nakala ibandikwe kwenye mbao za matangazo za kata zote, kwa sababu hakuna kata ambayo haikuchangia jengo lile. Mchoro wa kitakachojengwa na hati ya fedha vionekane kabla ya alama ya X. Kama kiwanja kinapewa mwekezaji, mkataba usomwe, na miaka ya upangishaji na mgawanyo wa mapato vijulikane, maana kiwanja cha boma la zamani siku zote kiko katikati ya mji na ndicho chenye bei. Masijala ihamishwe kwanza, faili kwa faili, kwa orodha iliyosainiwa. Jengo lipigwe picha na kupimwa chumba kwa chumba, na wazee waliolitumikia waitwe wasimulie kabla halijaondoka: karani wa kwanza, dereva, diwani wa 1984, mama aliyekuwa akiuza chai chini ya mwembe wa nje.

Na siku ya kuvunja yenyewe isimamiwe. Paa la asbesto halipigwi nyundo. Linaloweshwa maji, misumari inafunguliwa, mabati yanateremshwa mazima, yanafungwa kwenye nailoni nzito na kuzikwa mahali palipotengwa, kwa sababu vumbi lake likiingia mapafuni linaweza kuleta saratani baada ya miaka 20 au 40, na kijana aliyepewa kibarua cha siku moja hatakumbuka hata alilipata wapi. Mara nyingi vijana hao hufanya kazi wakiwa na kandambili na fulana, uso mtupu. Barakoa na buti ziwekwe kwenye mkataba, na mkandarasi asilipwe bila hizo.

Baada ya tingatinga kupita, kazi hutulia na wakati huo huja watu wenye nyundo za kilo nne. Wanakaa juu ya vifusi, wanavunja mihimili kipande kwa kipande, wanatoa nondo na kuzinyoosha juu ya jiwe, pigo baada ya pigo, kisha wanazifunga mafungu kwa ajili ya wanunuzi wa chuma chakavu. Nondo za zamani ni nene na nzito. Vibali vya kuziokota hutolewa na nani, na fedha zake zinaingia daftari gani, ni maswali ambayo mkaguzi wa hesabu anaweza kuyauliza na mwananchi anaweza kuyauliza pia. Zege lililobaki, likisagwa na kuondolewa chuma, linafaa kabisa kushindilia barabara. Kata za tambarare, Kileo ikiwa mojawapo, zina barabara za mashambani zinazokatika kila masika, pale korongo linapovuka njia na lori la mahindi linakwama siku mbili. Halmashauri itakayovunja ofisi yake ipange mapema lori ngapi za kifusi ziende kata gani, na orodha hiyo nayo ibandikwe.